Kibati Nambari Nane

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za ofisi. Kwingine kote aliitwa Nyundo, kwa ajili ya nyundo ya mpini mrefu aliyoibeba begani kwa miaka ishirini na sita, na pia kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli. Ukiwaambia watu hivyo wanacheka, wanadhani ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Wapande kwanza treni ya mabehewa tisa, walale humo na watoto wao, halafu ndipo waje wacheke. Treni ile haikupaswa kupita mahali popote kwa mwendo kamili kabla ya mtu mmoja kupita kwa miguu, akigonga viungo vya reli kimoja kimoja na kusikiliza. Bolti iliyokaza hulia kwa ukali. Iliyolegea hutoa sauti butu, sauti ya mtu anayejibu huku amelala. Akiisikia hiyo, Nyundo alipiga goti kwenye kokoto, akatoa spana, akakaza, akaendelea na safari.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi aliondoka stesheni na kutembea kilomita nane hadi nguzo ya katikati, nguzo ya zege iliyopakwa chokaa, isiyo na mti wala kibanda karibu. Upande wa pili, kutoka stesheni ya chini, alikuja mwenzake, naye kilomita nane zake. Walikutana saa mbili na nusu, wakakaa dakika kumi juu ya mataruma mawili mabovu, magogo ya kulazia reli, yaliyotupwa pale, kisha kila mmoja akageuka na kurudi alikotoka, akitengeneza njia hadi jioni.

Huyo mwenzake aliitwa Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alianza kuzungumza akiwa bado mbali, Nyundo anamwona mdogo kama kijiti, upepo unaleta neno moja moja. Akifika alikuwa katikati ya habari, na wewe uliyemngoja ilibidi uikamate hapo hapo ilipofika. Alizungumza juu ya jino lake, mbwa wa jirani, mpira, na binti yake aliyevunja jino la mbele kwa kuendesha baiskeli bila breki. Alizungumza juu ya mlango wa nyumba yake alioupaka rangi ya samawati hadi nusu, rangi ikaisha, naye akaapa kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Kazi ya Nyundo pale ilikuwa kusema "Enhe" na "Acha wewe". Miaka ishirini na miwili maneno hayo mawili yalitosha.

Hawakuwahi kutembeleana. Mtu aliyetembea kilomita kumi na sita akigonga vyuma hatafuti matembezi mengine jioni, na nyumba zao zilikuwa mbali. Urafiki wao wote uliishi pale kwenye nguzo. Mke wa Nyundo alipofariki, ofisi ilimpa siku tatu. Siku ya nne alirudi kazini, na Redio, mtu yule wa maneno, hakufungua mdomo. Alimega mkate wake katikati, akampa nusu, wakakaa dakika zao kumi wakitazama kokoto. Nyundo hakuisahau siku hiyo.

Sasa kuna jambo la kazi ambalo lazima lielezwe, maana bila hilo habari hii haieleweki. Ofisi haikumwamini mtu kwa kusema tu "nimetembea". Ofisi zina tabia hiyo, na safari hii ilikuwa na haki. Kila mtembea njia alikuwa na kibati cha duara, kipana kama mdomo wa kikombe, kilichogongwa nambari. Cha Nyundo kilikuwa saba, cha Redio nane. Wakikutana kwenye nguzo walibadilishana. Leo nane inalala msumarini stesheni ya juu na saba inalala stesheni ya chini, kesho kila kimoja kinarudi kwao. Ukirudi na kibati tofauti na kile ulichoondoka nacho, umekutana na mwenzako, kwa hiyo njia nzima imekaguliwa, pande zote mbili. Ukirudi na kile kile ulichoondoka nacho, maana yake hukukuta mtu. Hapo stesheni masta anampa dereva wa treni ya kesho yake karatasi ya kumwamuru apite sehemu ile polepole, mwendo wa baiskeli. Hakuna kilichoandikwa, hakuna cha kubishana. Msumari ukutani ndio uliosema.

Redio alistaafu siku ile ile iliyofungwa stesheni ya chini. Makao makuu waliona abiria wa pale ni wachache, wakafunga ofisi, wakang'oa hata benchi. Siku yake ya mwisho alifika kwenye nguzo akiwa kimya kidogo, akakataa kubadilishana.

"Kaa navyo vyote," alisema. "Mimi nitundike wapi? Msumari wangu wameng'oa. Akija mpya, mpe nane yake. Umwambie asiipoteze, nimeilea hiyo."

"Atakuja lini?"

"Wamesema wiki ijayo. Wewe unawajua." Akasimama, akajipangusa suruali. "Haya bwana. Usiongee sana."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kila siku wa kuagana, na Nyundo alicheka kama alivyocheka kila siku. Kisha Redio akaondoka na kuwa kijiti tena. Safari hii hakusema chochote njiani, au upepo ulikuwa wa upande mwingine.

Wiki ijayo ikapita. Nyundo alifika kwenye nguzo, akakaa dakika zake kumi, akarudi na saba, akaitundika. Siku nyingine hivyo hivyo. Kwa miezi mitatu alirudi na saba, kama alivyopaswa, na kwa miezi mitatu treni ilipita polepole, abiria wakilalamika, makao makuu wakipiga simu. Hakuna mtu aliyemlaumu. Lakini kila akitundika kibati kile kile, aliona kama anautangazia ukuta kwamba ametoka asubuhi na kurudi bila kuonana na mwanadamu. Tuseme ukweli tu, alikuwa mpweke, mpweke wa kuumwa. Nyumbani kulikuwa na sufuria moja na kiti kimoja kinachokaliwa. Binti yake alimpigia simu kila Jumapili, kutoka mji wa mbali, akimwuliza amekula nini. Siku nyingine sita mtu aliyemsikiliza zaidi ilikuwa reli.

Siku moja kwenye nguzo alijikuta anasema "Acha wewe" kwa sauti. Hakukuwa na mtu. Aliona haya, akatazama huku na huku. Halafu akaingiza mkono mfuko wa kushoto, akatoa nane, akaishika mkononi kama aliyepewa, na saba akaitia mfuko wa kulia. Hakuwa na nia yoyote mbaya. Ni mkono tu uliokuwa umezoea kupokea.

Bahati mbaya siku hiyo ndiyo aliyoripoti stesheni masta mpya, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimwona Nyundo anatundika nane bila kufikiri, akalikodolea macho daftari lake, kisha akatabasamu hadi meno ya nyuma.

"Kumbe mwenzako amepatikana! Mimi nimeambiwa hapa kuna pengo. Hajambo huyo bwana?"

Palikuwa na muda wa kusema. Sekunde mbili, tatu. Nyundo angeweza kusema, "Hapana, bwana mkubwa, nimechanganya." Lakini ilikuwa miezi mitatu tangu mtu amwulize habari za rafiki yake.

"Hajambo," alisema. "Anakusalimu."

Ndivyo ilivyoanza, kwa salamu. Jioni ile stesheni masta alipiga simu makao makuu kwamba vibati vimebadilishana. Kesho yake treni ilipita kwa mwendo kamili na makao makuu wakamvisha kijana wa watu kilemba cha sifa. Nani tena arudi nyuma? Nyundo aliondoka na nane, akarudi na saba. Aliondoka na saba, akarudi na nane. Kila jioni stesheni masta aliuliza, "Mwenzako anasemaje leo?" na Nyundo, mtu yule mzito wa ulimi, akaanza kusema. Alisimulia habari za mbwa wa jirani. Alisimulia mlango wa samawati, na stesheni masta akacheka hadi akashika meza. Habari za zamani zilipoisha, alitunga mpya. Alikuwa akitembea kilomita nane za kurudi akitafuta Redio angesema nini leo, na siku hizo njia ilikuwa fupi. Hata binti yake alipomsihi ahamie kwake, alijibu, "Nitamwachaje mwenzangu njiani?"

Na ule upande wa pili? Alijiambia kwamba injinia anapita na kiberenge, kile kigari kidogo cha reli. Kweli alipita, mara moja kila miezi miwili, kwa kasi, na hakuna sikio linalosikia bolti kutoka kwenye kiberenge. Alijiambia kwamba njia ile ilijengwa na watu makini. Mara moja alivuka nguzo, akatembea nusu kilomita, akagonga, akakaza nati nne, magoti yakamkumbusha umri wake, akarudi. Alijiambia mengi, miezi kumi na sita.

Siku ya ajali aliondoka na saba. Alifika kwenye nguzo, akabadilishana mwenyewe na mwenyewe, akageuka. Treni ya abiria ilimpita, dereva akampungia mkono, watoto wawili dirishani nao wakapunga. Hazikupita dakika kumi akasikia nyuma yake mlio kama wa bati kubwa linaloburutwa juu ya sakafu, mrefu, usiotaka kuisha. Halafu ukaisha.

Alikimbia, kadiri mtu wa umri wake anavyokimbia juu ya kokoto. Alivuka nguzo. Hakutaka kugonga, hakuwa na muda wa kugonga, lakini mkono wake uligonga wenyewe, kiungo hadi kiungo, na viungo vikamjibu. Kimoja kilikuwa butu. Kilichofuata kililia, na kingine kikawa butu tena. Kilomita nne nzima reli ilimwambia kile ambacho ingemwambia asubuhi yoyote ya miezi ile kumi na sita, kama angekuja kuiuliza. Kwenye kona mabehewa matatu yalikuwa yamelala ubavu. Alitupa nyundo, akaingia kwa dirisha, akavuta watu. Mama mmoja alimshika mkono, akawa anamwuliza kiatu chake kingine kiko wapi, na Nyundo akakitafuta kwa dakika nyingi, hadi wazima moto walipomtoa. Watu sita walikufa. Karibu na behewa la kwanza aliliona bamba la kuungia reli, limeachia, matundu yake ya bolti yameingia kutu ndani. Kutu ile haikuwa ya wiki moja.

Kesho yake mchana redio ya kibanda cha chai pale stesheni ilisema kwamba mlinzi wa njia nambari nane hajaonekana tangu ajali, na polisi wanamtafuta. Ofisi ya mishahara ilijua kabisa kwamba hakuna nambari nane. Ofisi ya usalama ilijua kwamba yupo. Ofisi hizo mbili zilikuwa kwenye jengo moja, ghorofa moja, na hazikuwa zimezungumza.

Stesheni masta alitoka nje akiwa na shati la jana.

"Mzee, mwenzako amenimaliza," alisema. "Kesho saa nne tume ya uchunguzi inakaa hapa hapa, chumba cha abiria. Wewe ndiye unayemjua. Mtafute popote alipo, uje naye."

"Nitamtafuta," alisema Nyundo.

Alipanda basi. Alijisemea kwamba anakwenda kumwonya Redio, kwamba haki ni kumwonya. Labda ni kweli. Lakini pia alikuwa na hamu ya kumwona, hamu ya miezi kumi na tisa, na katikati ya aibu yake yote alijikuta akipanga atakachosema.

Nyumba hakuitafuta. Aliijua kwa masikio. Nyuma ya mashine ya kusaga, kushoto, na pale palikuwa na mlango, nusu samawati, nusu mbao tupu. Hata mbwa wa jirani alibweka kama alivyoelezwa, mara tatu kisha kikohozi. Mwanamke aliyefua nguo nje aliinua uso, na kabla hajasema neno Nyundo aliliona jino la mbele lililokatika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona baba."

"Baba yupi?"

"Mwenye nyumba hii. Nilifanya naye kazi, kwenye reli."

Mwanamke alikamua nguo aliyoishika, taratibu, akaiweka kwenye beseni. "Baba alifariki, mzee. Huu ni mwezi wa saba."

Nyundo alisema pole. Au alidhani amesema. Alipewa kigoda, akakaa. Miezi saba. Akaanza kuhesabu kichwani salamu alizozileta stesheni tangu hapo, hajambo, anakusalimu, amekwambia usikonde, akaona hawezi kuendelea.

"Hukuambiwa?"

"Nani angeniambia?"

"Hata sisi hatukujua tumwambie nani. Hatukumjua rafiki yake hata mmoja. Siku ya kumzika tulikuwa watu kumi na mmoja." Alikaa kwenye ngazi. "Baba alikuwa mtu wa kimya sana."

Nyundo alidhani anatania. Alimtazama usoni, akaona hatanii.

"Kimya?"

"Kimya kabisa. Anarudi, anakula, anakaa kwenye kile kiti. Mama, alipokuwa hai, alikuwa anasema ukitaka neno kwa huyu bwana umwandikie barua, labda atajibu. Alipostaafu ikazidi. Kila asubuhi anavaa viatu vya kazi, anakaa hapa mlangoni. Ikifika kama saa tatu hivi, anavua. Tukimwuliza unamngoja nani, anasema simngoji mtu."

Nyundo aliinamisha kichwa. Basi maneno yale yote yalikuwa yake peke yake. Mtu yule alitembea kilomita nane kila siku ameyabeba, akayashusha pale kwenye nguzo, akarudi kwake mikono mitupu. Na yeye Nyundo, kwa miezi kumi na tisa, aliona ni yeye tu aliyeachwa. Nauli ya basi ilikuwa ndogo. Hakuwahi hata kuuliza.

"Leo mchana tumesikia redio," binti wa marehemu alisema. "Nambari nane. Majirani wanajua hiyo ilikuwa ya baba, wameanza kutuangalia vibaya. Nikasema labda wamempata mtu mwingine. Walimpata, mzee?"

"Hapana."

"Sasa ni nani alikuwa anatembea?"

"Hakuna."

"Lakini vibati?" Alikuwa mtoto wa mtembea njia, alikijua kinachoulizwa. "Si lazima vibadilishane?"

Nyundo aliingiza mikono mifukoni, kulia na kushoto, akatoa vyote viwili, akavishika mbele yake. Mwanamke aliitazama nane kwa muda. Alisema baba yake alikuwa akiisugua kwa jivu kila siku iliyolala stesheni yao. Kisha akaelewa, na Nyundo akamwona anavyoelewa, kuanzia macho hadi mabega. Hakupiga kelele. Aliinuka, akarudi kwenye beseni lake, akafua, na mgongo wake ukabaki umemwelekea mgeni hadi mgeni alipoaga.

Ndani ya basi la kurudi shetani alikaa kiti cha jirani. Redio ndiye aliyemkabidhi vibati vyote viwili, huo ni ukweli. Ukiongeza maneno manne tu, kwamba ndiye aliyemwagiza avibadilishe, nani atabisha? Mwenyewe yuko chini ya udongo. Nyundo angebaki na kazi yake au angalau na jina lake, angemaliza miaka miwili iliyobaki, angeendelea kuondoka saa kumi na mbili na nyundo begani. Njia ile ilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho duniani, na alijua wataichukua. Aliyafikiria hayo kwa uzito kabisa, wala tusimfanye bora kuliko alivyokuwa. Aliposhuka bado alikuwa akiyafikiria.

Saa nne asubuhi chumba cha abiria kilikuwa na meza mbili zilizounganishwa na watu watano nyuma yake. Mwenyekiti wa tume alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho. Stesheni masta alisimama kando ya mlango, na Nyundo alipoingia peke yake, kijana yule alitazama nyuma yake, kama mtu mwingine angeingia baadaye.

"Tuliomba mje wawili," alisema mwenyekiti. "Mwenzako yuko wapi?"

"Amekufa, mama. Mwezi wa saba huu. Nimejua jana."

Kalamu zote zilisimama. Stesheni masta alisema, polepole, kama anayemrekebisha mtoto, "Mzee, juzi asubuhi si umeniambia mguu wake umepona?"

"Nilikuambia."

Alitoa vibati, akaviweka mezani kimoja kimoja. Akaeleza. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na haikufika dakika tano. Alisema alipewa vyote viwili ili akabidhi kimoja kwa mtu mpya. Alisema marehemu hakumwagiza kingine chochote. Alisema mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia, miezi kumi na sita. Alipomaliza alimsikia stesheni masta akivuta pumzi kwa pua, mara mbili, na hakuthubutu kumwangalia.

Mwenyekiti alichukua karatasi kutoka kwenye faili. "Injinia aliomba mtu wa kuziba nafasi ya nambari nane. Aliomba mara mbili. Nakusomea alivyojibiwa. 'Taarifa za kila siku zinaonyesha kwamba vibati vinabadilishana na njia inakaguliwa pande zote mbili. Ombi halina msingi.'" Aliiweka chini. "Ulijua hilo?"

"Sikujua."

Hakujua, na sasa alijua. Kila jioni aliyotundika kibati cha rafiki yake alikuwa akimfungia mlango mtu ambaye angekuja kukaa naye kwenye nguzo.

"Ungerudi na saba tu," alisema mwenyekiti, na sauti yake haikuwa ya kukaripia. "Treni ingepita polepole. Watu wangechelewa nyumbani. Kwa nini hukurudi na saba?"

Nyundo aliisugua meza kwa kidole. Kulikuwa na majibu ya ofisi, ya sheria, ya magoti. Akayaacha.

"Niliona aibu, mama. Kila siku kurudi na changu. Ilikuwa kama kusema sina mtu."

Hakuna aliyeandika. Baadaye mmoja aliandika.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameambiwa akabidhi vifaa, akae nyumbani, asitoke nje ya mji hadi aitwe. Ya mahakama yangekuja kwa wakati wake. Alimwomba mwenyekiti kitu kimoja, kwamba redio iseme, kwa maneno yale yale iliyotumia jana, kwamba nambari nane hakutoroka. Mwenyekiti alisema itasemwa. Ilisemwa saa saba, mara moja, kati ya tangazo la sabuni na matokeo ya mpira, na nyuma ya mashine ya kusaga huenda kuna aliyeisikia.

Nyundo alikabidhi bendera mbili, spana na ile nyundo, iliyookotwa kwenye kona ya ajali ikiwa na mpini uliopasuka. Stesheni masta alivipokea kimoja kimoja na kuviandika. Hakumwuliza habari za mtu yeyote. Nane ilibaki mezani kwa tume, imefungwa kwenye bahasha; saba walimrudishia.

"Hicho kingine nenda ukakitundike," alisema stesheni masta bila kuinua kichwa. "Kinatakiwa kiwe mahali pake."

Nyundo alitoka hadi ukutani. Alikitundika kibati nambari saba msumarini, akakinyoosha kisikae upande. Ndicho kile kile alichoondoka nacho asubuhi ya ajali.